Je, kitabu cha mwaka 1534 kinatosha kuipa China visiwa vya Diaoyu?

Swali la msomaji: Shikamoo Mwalimu. Nimekuwa nikifuatilia mgogoro wa visiwa vya Bahari ya China Mashariki ambavyo Wajapani huviita Senkaku na Wachina huviita Diaoyu. Nimesoma kwamba mjumbe wa mfalme wa China alivitaja kwa majina mwaka 1534, ilhali Japani yenyewe inasema ilivitwaa mwaka 1895. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya miaka 350. Mimi naona kesi imekwisha hapo: aliyetangulia ndiye mwenye mali. Kwa nini wanasheria bado wanabishana? Au sheria ya kimataifa haiheshimu historia?

Jibu:

Marahaba. Nami nitaanzia kwa huyo mjumbe, maana wengi humtaja bila kusoma alichoandika.

Jina lake ni Chen Kan. Alitumwa na mfalme wa ukoo wa Ming kwenda kumtawaza mfalme wa Ryukyu, dola ndogo ya visiwa ambayo leo ni mkoa wa Okinawa. Katika kumbukumbu za safari yake anaandika kwamba chombo kilipita Diaoyu, kikapita Huangmao, kikapita Chi, vyote vikiwa visiwa vya kundi hili, kisha wakauona mlima wa Gumi, "ambao ni wa Ryukyu". Anaongeza kwamba watu wa Ryukyu waliokuwamo chomboni walicheza kwa furaha kwa kuwa wamefika kwao.

Ushahidi huo ni wa kweli na una thamani. Unathibitisha kwamba mabaharia wa China walivijua visiwa hivi, walivipa majina, na walivitumia kama alama za njia. Kutokana na maneno yale kuhusu Gumi, wanasheria wa China hujenga hoja kwamba kama Ryukyu inaanzia pale, basi vyote vilivyotangulia ni vya China. Hapo ndipo hoja inaporuka hatua moja. Chen Kan ametuambia nchi ya Ryukyu inaanzia wapi. Hakutuambia nchi ya China inaishia wapi. Msafiri akisema "tukafika kwenye mpaka wa kijiji fulani", hajasema pori alilolipita kabla ya hapo ni la nani. Lawezekana likawa la kijiji alichotoka, na lawezekana likawa halina mwenyewe.

China ina vingine vya kuongezea. Ipo ramani ya ulinzi wa pwani ya karne ya 16 inayovionyesha visiwa hivi. Ipo pia ramani ya mwaka 1785 ya Mjapani Hayashi Shihei, iliyovipaka rangi ileile ya China. Hiyo ya Hayashi hupendwa sana kwa kuwa imetoka upande wa pili. Lakini mahakama hazizipi ramani uzito ambao watu wa kawaida huzipa. Katika kesi ya Burkina Faso na Mali, mwaka 1986, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema wazi kwamba ramani peke yake haizai milki. Ikiwa imeambatishwa kwenye mkataba, inabeba nguvu ya mkataba. Isipokuwa hivyo, ni maelezo tu ya mchoraji, nayo hupimwa pamoja na ushahidi mwingine.

Sasa nije kwenye swali lako la aliyetangulia. Kesi ninayoipenda kuliko zote katika somo hili ni ya Minquiers na Ecrehos, vikundi viwili vya miamba kati ya kisiwa cha Jersey na pwani ya Ufaransa. Uingereza na Ufaransa zilifika mahakamani, hukumu ikatoka tarehe 17 Novemba 1953. Pande zote mbili zilirudi nyuma kwelikweli. Uingereza ilianza na mwaka 1066, mtawala wa Normandy alipoiteka Uingereza. Ufaransa ikajibu na mwaka 1204, mfalme wake alipoitwaa Normandy. Mawakili walichambua hati za karne ya 13 na hukumu za kikabaila ambazo wahusika wake walikuwa wamezikwa miaka mia saba.

Majaji walizisoma zote kwa heshima, kisha wakasema kinachoamua ni ushahidi unaogusa moja kwa moja umiliki wa miamba yenyewe, na kwamba dhana zinazotokana na matukio ya zamani hizo haziwezi kuuzidi. Ushahidi huo wa moja kwa moja ulikuwa nini? Kisiwani Jersey walimshtaki mtu mwaka 1826 kwa kumfyatulia mwenzake risasi huko Ecrehos. Maiti zilipookotwa kwenye miamba ile, maofisa wa Jersey ndio waliofanya uchunguzi wa vifo. Vibanda vya wavuvi vilitozwa kodi Jersey, na mauzo ya vibanda hivyo yakaandikishwa Jersey. Ufaransa haikuwa na mambo ya kulingana na hayo. Uingereza ikashinda.

Tazama aina ya mambo yenyewe: maiti, kodi ya kibanda, hati ya mauziano. Hakuna vita wala bendera iliyosimikwa kwa shangwe. Ni kazi za kila siku za karani ambaye hakujua kwamba anaandika ushahidi.

Msingi wa fikra hiyo uliwekwa mapema zaidi na Mswisi Max Huber, msuluhishi pekee katika shauri la kisiwa cha Palmas, tarehe 4 Aprili 1928. Marekani ilisema Hispania iliyoitawala Ufilipino ndiyo iliyokigundua kisiwa, na mwaka 1898 ikaipa Marekani haki zake zote. Uholanzi ikasema yenyewe ndiyo iliyokuwa ikitawala pale kupitia wafalme wa kienyeji. Huber alikata kwamba kugundua huzaa haki changa tu. Haki hiyo isipolelewa kwa utawala wa kweli na wa kuendelea, haiwezi kusimama mbele ya aliyetawala kwa amani na bila kificho. Leo kisiwa hicho kinaitwa Miangas, nacho ni cha Indonesia, mrithi wa Uholanzi.

Huber aliweka pia kanuni ya pili, nayo inakuhusu moja kwa moja: kila tendo hupimwa kwa sheria ya wakati wake. Ukisema mwaka 1534 palitokea jambo la kisheria, tuliulize lilikuwa na maana gani mwaka 1534. Kisha tuulize kama haki hiyo iliendelea kutunzwa kadiri masharti ya sheria yalivyobadilika.

Utunzaji wenyewe si lazima uwe mkubwa, hasa pale ambapo hakuna wakazi. Mwaka 2002, mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, Malaysia iliishinda Indonesia kuhusu visiwa vidogo vya Ligitan na Sipadan, kwa kura 16 dhidi ya 1, na sehemu kubwa ya ushahidi wake ilihusu kasa: sheria ya mwaka 1917 ya kuhifadhi kasa na kudhibiti uokotaji wa mayai yao. Kulikuwa pia na hifadhi ya ndege na minara ya taa ya mwaka 1962 na 1963. Indonesia ilitaja wavuvi wake waliozoea kufika huko. Mahakama ikajibu kwamba shughuli za watu binafsi hazihesabiwi kuwa za dola kama hazifanyiki kwa kanuni au kibali cha serikali. Jibu hilo ni chungu kwa wavuvi, na nitalirudia mwishoni.

Uliuliza kama sheria haiheshimu historia. Basi sikiliza kilichotokea Pedra Branca. Ni mwamba wenye urefu wa mita 137 hivi kwenye mlango wa bahari wa Singapore, na juu yake umesimama mnara wa taa wa Horsburgh uliojengwa na Waingereza mwaka 1850 na 1851. Malaysia ilidai kwamba mwamba ulikuwa wa Usultani wa Johor tangu karne ya 16. Mwaka 2008 Mahakama iliikubali historia hiyo. Ilitamka kwamba Johor ilikuwa na milki ya asili, na ikautaja utii wa Orang Laut, watu wa bahari waliovua na kuzunguka maji yale, kuwa sehemu ya uthibitisho. Kisha ikaipa Singapore mwamba, kwa kura 12 dhidi ya 4.

Imekuwaje? Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ya Singapore iliandika barua kuuliza hadhi ya mwamba ule. Tarehe 21 Septemba, kaimu katibu wa serikali ya Johor akajibu kwa sentensi fupi kwamba serikali ya Johor haidai umiliki wa Pedra Branca. Baada ya hapo Singapore ilichunguza ajali za meli katika maji yale, ikadhibiti nani atie mguu mwambani, ikapeperusha bendera yake. Mwaka 1968 Malaysia ilidai bendera ya Singapore iteremshwe kwenye kisiwa kingine chenye mnara wa taa, Pulau Pisang, ikateremshwa. Kuhusu Pedra Branca ilinyamaza. Ramani zake rasmi za miaka ya 1960 na 1970 zikauandika mwamba kuwa wa Singapore. Waswahili husema kunyamaza ni kukubali, na katika migogoro ya visiwa msemo huo ni karibu kanuni ya sheria.

Kwa hiyo historia ilisikilizwa, ikaaminiwa, na bado ikashindwa na historia iliyokuja baada yake.

Turudi sasa Senkaku tukiwa na vipimo hivyo mkononi.

Hoja ya Japani ni kwamba ilivipima visiwa kuanzia mwaka 1885, ikaona havina watu wala dalili ya utawala wa China, na tarehe 14 Januari 1895 baraza la mawaziri likaamua kuviingiza katika Okinawa kama ardhi isiyo na mwenyewe. Mwaka uliofuata mfanyabiashara Koga Tatsushiro alikodishwa visiwa vinne. Alipeleka wafanyakazi, wakati fulani zaidi ya 200, wakikusanya manyoya ya albatrosi na kukausha samaki. Serikali ikauzia familia yake ardhi hiyo mwaka 1932. Kodi, mikataba, usajili: ni ushahidi wa aina ileile ya vibanda vya Ecrehos.

Lakini nisikufiche doa lililomo, kwa kuwa ndilo ningelishika kama ningekuwa wakili wa China, hata kabla ya Chen Kan. Mwaka 1885, Okinawa ilipotaka kuweka alama za mpaka, waziri wa mambo ya nje Inoue Kaoru alishauri ingojwe kwanza. Aliandika kwamba visiwa viko karibu na mpaka wa China, kwamba vina majina ya Kichina, na kwamba magazeti ya huko yameanza kueneza minong'ono kuhusu nia ya Japani. Miaka kumi baadaye Japani inaishinda China vitani, na katikati ya vita hivyo, kimyakimya, baraza linapitisha uamuzi ambao haukutangazwa hadharani. Miezi mitatu baadaye, tarehe 17 Aprili 1895, mkataba wa Shimonoseki unailazimisha China kutoa Taiwan "na visiwa vilivyo vyake". Alama zenyewe zilizoidhinishwa hazikusimamishwa hadi mwaka 1969. China inasema huo ni wizi wa vita, na kwamba Azimio la Cairo la 1943 na lile la Potsdam la 1945, ya mataifa yaliyopigana na Japani, yaliamuru mali kama hiyo irudishwe.

Japani hujibu kwamba visiwa havikuwa sehemu ya Taiwan, havikutajwa katika mkataba, na sheria ya wakati ule haikudai tangazo kwa kila jirani. Kuhusu tangazo, ina mahali pa kuegemea: katika shauri la kisiwa cha Clipperton, mwaka 1931, msuluhishi hakuona kwamba kuziarifu dola nyingine ni sharti. Lakini huko, afisa wa Ufaransa aliyekitwaa kisiwa mwaka 1858 aliiarifu serikali ya Hawaii, na habari ikachapishwa gazetini Honolulu. Utwaaji ule ulionekana na yeyote aliyetaka kuuona. Uamuzi wa faragha wakati wa vita haufanani nao, nami nadhani jaji makini angelikazia macho jambo hilo.

Mizani huelemea upande wa pili tunapofika kwenye kimya. Kati ya 1895 na 1970 hakuna malalamiko rasmi ya China kuhusu visiwa hivi, na yapo maandishi yanayoiumiza. Mwaka 1920 ubalozi mdogo wa China huko Nagasaki ulitoa barua ya kuwashukuru watu wa Ishigaki kwa kuwaokoa wavuvi wa Fujian, nayo inavitaja visiwa kuwa vya wilaya ya Yaeyama, Okinawa, Dola ya Japani. Tarehe 8 Januari 1953 gazeti la chama tawala cha China lilivitaja Senkaku miongoni mwa visiwa vya Ryukyu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Marekani iliyokuwa ikiitawala Okinawa ilitumia viwili kati ya visiwa hivi kwa mazoezi ya mabomu, na kimojawapo ikawa inakilipia kodi familia ya Koga. Hayo yalifanyika hadharani, miaka kwa miaka.

China ina maelezo, nami sidhani yapuuzwe. Hadi 1945 Taiwan ilikuwa koloni la Japani, kwa hiyo aliyepaswa kulalamika alikuwa amefungwa mdomo. Kisha ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe. Mkataba wa amani na Japani wa San Francisco wa 1951 ulitiwa saini bila serikali yoyote ya China, ya Beijing wala ya Taipei kisiwani Taiwan, kualikwa, na Zhou Enlai, waziri mkuu wa Beijing, aliupinga mkataba huo hadharani. Lakini aliupinga kwa ujumla wake bila kuvitaja visiwa hivi, na serikali ya China iliyoipokea Taiwan mwaka 1945 haikuvidai pamoja nayo. Swali ambalo wakili wa China hawezi kulikwepa ni la tarehe. Uchunguzi wa bahari uliofanywa mwaka 1968 chini ya tume ya Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti mwaka 1969 kwamba huenda chini ya maji yale kuna mafuta mengi. Taipei ikatoa dai rasmi Juni 1971, Beijing Desemba mwaka huohuo. Sisemi mafuta ndiyo sababu pekee, maana Marekani nayo ilikuwa inajiandaa kuirudisha Okinawa kwa Japani, na hilo peke yake lingeamsha swali. Ila jaji huona mfuatano wa miaka kama wewe na mimi tunavyouona.

Ukinilazimisha kusema maoni yangu, nayasema: shauri hili likifika mbele ya majaji watakaofuata nyayo za kesi nilizozitaja, kitabu cha 1534 hakitaamua. Watatumia muda mrefu kwenye mwaka 1895, na muda mrefu zaidi kwenye miaka 75 iliyofuata, na hapo Japani ina faili nene. Huko si kusema kwamba haki yote iko upande mmoja. Kanuni ya kupima kila tendo kwa sheria ya wakati wake ina ubaya ambao sijawahi kuuzoea, kwa sababu sheria ya 1895 iliandikwa na wenye manowari. Ilikubali ushindi wa vita kuwa njia ya kupata ardhi. Ilizoea kuita "isiyo na mwenyewe" ardhi ambayo jirani yake aliijua kwa jina kwa karne nyingi. Mchina anayesoma kanuni hiyo na kuhisi anaibiwa mara ya pili ana sababu ya kuhisi hivyo.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa nawe unafuatilia habari. Tangu serikali ya Japani iliponunua visiwa vitatu kutoka kwa mmiliki binafsi, tarehe 11 Septemba 2012, kwa yeni bilioni 2.05, meli za ulinzi za nchi zote mbili zimekuwa zikizunguka pale mara kwa mara. Watu hudhani kila mzunguko unajenga haki. Kisheria, vitendo vinavyofanywa baada ya mgogoro kudhihirika, ambao hapa ni mwaka 1971, kwa kawaida havihesabiwi vikifanywa ili kuboresha kesi. Faida ya meli hizo ni ya kisiasa, na hatari yake ni kubwa mno kwa visiwa vyenye jumla ya kilomita za mraba chini ya saba. Wanachokililia ni maji. Mwamba usio na zaidi ya bahari yake ya maili 12 hubeba kilomita za mraba 1,550 hivi, lakini kisiwa kikikubaliwa kuwa na ukanda wa uchumi wa maili 200, yaani bahari ambayo dola ina haki ya pekee ya samaki na mafuta yake, na pasiwe na jirani wa kuubana, duara hilo linapita 430,000.

Na mahakamani hawaendi. Mahakama ya Kimataifa haimwiti mtu kwa nguvu. China haijakubali mamlaka yake ya lazima, na Japani, ingawa imeyakubali, inashikilia kwamba hakuna mgogoro wa kuamuliwa. Mwaka 1978 kiongozi wa China Deng Xiaoping, akiwa Tokyo, alisema kizazi chao hakina busara ya kutosha kulimaliza jambo hili na waachiwe watakaofuata. Waliofuata ndio hawa wa leo.

Nilisema nitarudi kwa wavuvi. Mwaka 1998, katika usuluhishi kati ya Eritrea na Yemen kuhusu visiwa vya Hanish katika Bahari ya Shamu, jopo lililoongozwa na Robert Jennings halikushawishika na madai ya milki ya tangu karne za kale. Liligawa visiwa kwa kuangalia zaidi matendo ya karibuni, na Yemen ikapata kundi la Zuqar na Hanish. Lakini likaagiza kwamba uvuvi wa jadi wa pande zote mbili uendelee, pamoja na wavuvi kufika visiwani kama walivyozoea, bila kujali bendera ni ya nani. Kwangu mimi hapo ndipo historia ya watu, ile isiyo ya makarani, ilipopewa kiti chake.

Huko Senkaku hatua ya aina hiyo imekwishapigwa, ingawa haitangazwi sana. Tarehe 10 Aprili 2013 Japani na Taiwan, ambazo zote mbili zinavidai visiwa hivi, zilikubaliana kuhusu uvuvi katika eneo kubwa la bahari ile, zikaweka swali la umiliki kando, na mashua za Taiwan zikapata kuvua humo bila kukamatwa na walinzi wa Japani. Maili 12 za kuzunguka visiwa vyenyewe hazikuguswa.